Chenji Kabla ya Kibubu: Mtoto Mdogo na Elimu ya Fedha

Karibu kila mpango wa kumfundisha mtoto mdogo habari za fedha, uwe wa benki inayofungua akaunti za watoto, wa shule ya msingi, au wa mzazi aliyenunua kibubu cha udongo sokoni, huanza na akiba. Mtoto hufundishwa kuweka kabla hajaelezwa kile anachokiweka ni nini, na husifiwa kwa kutotumia kabla hajajua kutumia kunakwendaje. Mpangilio huu umezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuulizwa kama unalingana na hatua ambazo akili ya mtoto hupitia inapokutana na fedha. Tafiti za zaidi ya miaka 40, zilizofanywa katika miji iliyo mbali sana kama Glasgow na Harare, zinatoa sababu nzuri za kudhani kwamba haulingani. Akiba ni dhana inayochelewa kukomaa, nayo husimama juu ya nyingine mbili: mabadilishano, yaani kutoa kitu ili kupata kingine ambacho pande zote zimekubali kuwa kinatosha, na imani kwamba aliyekabidhiwa mali atairudisha. Katika Afrika Mashariki dhana hizo mbili hufundishwa, kwa wema au kwa ubaya, na kazi ya nyumbani ambayo haihesabiwi kuwa somo, nayo ni kutumwa dukani.

Ugumu wa jambo lenyewe haufai kupuuzwa. Fedha ni makubaliano yaliyovikwa umbo la kitu: noti ya shilingi 10,000 hailiwi wala haivaliwi, ila muuza unga huipokea kwa sababu ana hakika kwamba muuza jumla naye ataipokea kutoka kwake. Mtu mzima amekwisha kusahau ugeni wa mpango huo, lakini Kiswahili kimeutunza katika majina, kwa kuwa kila jina la fedha ni alama ya makubaliano fulani yaliyofika na mengine yakapita. Neno fedha lenyewe ni jina la Kiarabu la madini meupe yaliyofuliwa sarafu; pesa ni sarafu ndogo ya Kihindi iliyosafiri na majahazi; hela ni Heller ya Wajerumani, walioigawa rupia ya koloni lao sehemu 100 mwaka 1904 badala ya pesa 64 za awali; na shilingi iliingizwa na Waingereza mwaka 1921. Hata daladala, neno ambalo mtoto wa Dar es Salaam hulitamka kila siku, limebeba ndani yake dala, yaani sarafu ya shilingi tano ambayo mtoto huyo huenda hajawahi kuishika. Kabla ya hizo zote Kilwa ilikuwa ikitengeneza sarafu zake za shaba, karne kadhaa kabla Wareno hawajaupora mji huo mwaka 1505. Kwa mwalimu anayetaka kuonyesha kwamba sarafu hupata nguvu kutoka kwa wanaoikubali, na kwamba wakiacha kuikubali hubaki kipande cha chuma, historia hiyo ni kifaa cha kufundishia kilicho karibu kabisa na mtoto, ingawa ni nadra kutumiwa hivyo.

Namna mtoto anavyoyafikia makubaliano hayo ilichunguzwa kwa makini na wanasaikolojia wawili wa Italia, Anna Emilia Berti na Anna Silvia Bombi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1981 kuhusu watoto wa miaka 3 hadi 8. Walitambua hatua sita. Mwanzoni mtoto hajui kwamba kununua kunadai malipo. Baadaye anajua kwamba lazima kitu kitolewe, lakini kwake fedha yoyote hununua chochote, na sarafu inayotosha peremende inatosha pia baiskeli. Kisha hutambua kwamba fedha hutofautiana, halafu kwamba pengine haitoshi, halafu kwamba bei na fedha sharti zilingane. Hatua hii ya tano ina ukali wa kushangaza, kwa sababu mtoto aliyeifikia huweza kukataa kwamba mwenye noti kubwa anaweza kununua kitu cha bei ndogo: haviendani, na kwa hiyo biashara haiwezekani. Utambuzi wa chenji, yaani fedha inayorudishwa pale malipo yanapozidi bei, ndio unaofunga safari hiyo.

Kwamba chenji huja mwisho si jambo la bahati. Ili kuielewa, mtoto lazima ashike kichwani vitu vitatu kwa wakati mmoja, yaani bei, kiasi alichotoa na tofauti kati ya hivyo viwili, na pia aamini kwamba noti moja inaweza kuwa sawa na sarafu nyingi. Jambo hili la pili lina undugu na kile ambacho Jean Piaget alikiita uhifadhi wa idadi, utambuzi kwamba wingi haubadiliki kwa sababu tu umbo au mpangilio wa vitu umebadilika, utambuzi ambao kwa kawaida huimarika katika umri wa miaka sita au saba. Kabla ya hapo mtoto huhesabu vipande. Hans Furth, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alieleza watoto wa Uingereza walioamini kwamba dukani ndiko watu wanakopatia fedha, kwa kuwa anayeingia na noti moja hutoka na bidhaa pamoja na sarafu kadhaa. Kosa hilo lina mantiki safi, na mzazi anayelicheka hupoteza nafasi ya kujua mtoto wake amefika wapi. Picha za wanyama kwenye sarafu na noti, ambazo watoto wengi huzitumia kuzitambua kabla hawajajua kusoma tarakimu, nazo zina mitego yake: nchini Tanzania simba yumo katika sarafu ya shilingi 200 na katika noti ya shilingi 2,000, na tembo, ambaye nchini Tanzania amepewa noti ya shilingi 10,000, nchini Kenya tangu mwaka 2018 yumo katika sarafu ya shilingi 20. Mtoto wa Namanga, kwenye mpaka wa nchi hizo mbili, hawezi kutegemea ukubwa wa mnyama.

Hapa ndipo kutumwa dukani kunapostahili kuangaliwa upya. Ukitazamwa kwa jicho la hatua za Berti na Bombi, utaratibu unaofuatwa katika nyumba nyingi unafanana na mtaala uliopangwa na mtu aliyejua anachokifanya, ilhali haukupangwa na yeyote. Mtoto mdogo kabisa hutumwa na fedha iliyokamilika, bei na sarafu zikilingana, na kazi yake ni kutoa na kupokea tu. Akikua kidogo hupewa noti na kuagizwa alete chenji, mara nyingi akitajiwa kiasi kamili, ili aweze kulinganisha alichopewa na alichoambiwa. Baadaye hutumwa na maagizo yenye masharti: akikosa sukari ya kupima alete ya pakiti ndogo, akikuta fungu la nyanya limepanda bei achukue nusu, chenji ikitosha aongeze chumvi. Katika hatua hiyo mtoto anaamua, naye huamua kwa fedha ya mtu mwingine atakayedai hesabu akirudi. Wala si manunuzi ya taslimu peke yake. Mtoto anayetumwa mikono mitupu akamwambie Mangi, yaani mwenye duka la mtaani, aandike kwenye daftari hujifunza kwamba jina la nyumba yao lina thamani dukani, kwamba thamani hiyo hupungua deni linapokaa, na kwamba yapo mambo yanayonunuliwa kwa ahadi. Ni wazi basi kwamba mtoto huyo amekutana na mkopo kabla ya kukutana na akiba, na mipango inayoahirisha habari za madeni hadi sekondari inamwacha peke yake na kitu anachokiona kila wiki.

Shule hii ya dukani ina walimu wabaya pia. Yupo muuzaji anayempunja mtoto kwa sababu ni mtoto, na yapo malezi yanayoadhibu sarafu iliyopotea kwa kipigo. Malezi ya namna hiyo hayazai umakini. Mtoto aliyepigwa kwa sababu ya shilingi 200 iliyodondoka njiani hujifunza kwamba hesabu ya kweli ina gharama, na mara ya pili atasema Mangi hakuwa na chenji. Msemo wa wafanyabiashara kwamba mali bila daftari huisha bila habari huwa na maana kwa mtoto pale tu anapoona kwamba kueleza upungufu hakumletei madhara.

Inafaa kukumbuka kwamba wasomi wa sheria ya Kiislamu walilijadili suala hili karne nyingi kabla ya wanasaikolojia, kwa sababu walilazimika: aya ya sita ya Surat an-Nisaa inawaagiza walezi wawajaribu mayatima hadi wafikie umri wa kuoa, kisha wawakabidhi mali zao wakiona kwao rushdi, yaani uwezo wa kuendesha mali kwa busara. Swali lililowakabili ni mtoto anajaribiwaje na mali ambayo bado hana mamlaka nayo. Imamu an-Nawawi wa karne ya 13, ambaye kitabu chake cha Minhaj kimekuwa nguzo ya masomo ya madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, alichagua jibu la kati: mtoto anaachwa atake bei na kuipatana mwenyewe, lakini wakati wa kufunga mkataba ukifika, mlezi ndiye anayeufunga. Kwa maneno mengine, mtoto anapewa kazi yote ya akili na anakingwa na hasara ya kisheria. Ni vigumu kupata katika maandiko ya kisasa ya elimu ya fedha kanuni iliyo fupi na yenye utaratibu kuliko hiyo, na mzazi anayekwenda sokoni na mtoto wa miaka minane anaweza kuitumia bila kubadili chochote, kwa kumwachia apatane bei ya viatu vyake na kubaki yeye mwenyewe na neno la mwisho.

Baada ya chenji, dhana inayofuata kwa uzito ni faida, na hapa ushahidi una jambo la kuwafundisha hasa wasomaji wa Afrika. Mwaka 1979 Gustav Jahoda alichapisha matokeo ya mchezo wa duka aliowachezesha watoto wa Glasgow, akiwauliza pamoja na mengine kama mwenye duka hununua bidhaa kwa bei ileile anayouzia. Wengi wa watoto wadogo walijibu kuwa ndiyo, na hawakuona tatizo lolote katika duka linalonunua na kuuza kwa bei moja huku likiwalipa wafanyakazi. Hawakukosa hesabu ya kutoa. Walichokosa ni kuunganisha mifumo miwili waliyoijua kila mmoja kivyake, ule wa mteja na mwenye duka, na ule wa mwenye duka na anayemletea bidhaa. Kwa wengi muunganiko huo ulipatikana karibu na umri wa miaka 11. Jahoda aliporudia uchunguzi huo Harare na kuchapisha matokeo mwaka 1983, aliwakuta watoto wa Zimbabwe wa miaka 9 hadi 11 wakiielewa faida mapema kuliko wenzao wa Ulaya, tofauti aliyoieleza kwa uzoefu wao wa kushiriki katika biashara ndogondogo. Katika makala hiyo Wazungu ndio waliotajwa kuwa wamechelewa, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika saikolojia ya wakati huo, ambayo ilizoea kumpima mtoto wa Kiafrika kwa kipimo cha mahali pengine na kumkuta amepungua.

Watoto wa Harare walikuwa wameona pande zote mbili za duka. Mtoto ambaye mama yake huuza mayai anajua, bila kufundishwa, kwamba trei la mayai 30 lililonunuliwa kwa shilingi 9,000 na kuuzwa shilingi 400 kwa yai linaleta shilingi 12,000, na kwamba tofauti ya 3,000 haijawa ya mama bado. Mayai mawili yakivunjika mauzo yanashuka hadi 11,200. Bodaboda akilipwa 1,000, kinachobaki ni 1,200, na trei jingine lazima linunuliwe kesho kwa 9,000 zilezile ambazo hazikupaswa kuguswa. Ndani ya trei hilo mna mtaji, yaani fedha inayozungushwa. Mna mauzo, gharama, hasara na faida. Na mna onyo ambalo wafanyabiashara wadogo wengi hulikosa wakiwa watu wazima, kwamba fedha iliyomo mkebeni jioni si yote ya kula. Hakuna zana ya kufundishia darasani iliyo bora kuliko trei hilo, na ni ajabu kidogo kwamba mtoto anayeijua hesabu yake akifika darasani hukuta imebadilishwa kuwa jedwali la kutoa na kujumlisha.

Pengo hilo kati ya soko na darasa limepimwa. Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, katika utafiti wao wa Recife, Brazili, uliochapishwa mwaka 1985, walinunua bidhaa kutoka kwa watoto watano wachuuzi wa miaka 9 hadi 15 na kufuatilia hesabu zao. Watoto hao walipata asilimia 98.2 ya maswali yaliyozuka katika biashara yenyewe. Hesabu zilezile zilipoandikwa baadaye kama maswali ya maneno, walipata asilimia 73.7, na zilipoandikwa kama tarakimu tupu walipata 36.8. Mmoja wao, alipoulizwa bei ya nazi 10 za cruzeiro 35 kila moja, alianza na bei ya nazi tatu ambayo aliijua kwa mazoea, yaani 105, akaongeza tatu, na tatu nyingine, na moja, mpaka akafika 350, ilhali shule ingemtaka aongeze sifuri tu. Mtu anaweza kuudharau mwendo huo kwa urefu wake, lakini una sifa moja ambayo sifuri haina, kwamba kila hatua yake ina nazi ndani.

Mitaala ya kanda hii haikulisahau somo la fedha. Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi wa gredi ya kwanza atambue sarafu na noti za hadi shilingi 100, ahusishe fedha na bidhaa, na atofautishe mahitaji na matakwa. Tofauti hiyo ya mwisho, ambayo ni kipenzi cha waandishi wa elimu ya fedha duniani kote, inahitaji tahadhari. Mtoto wa nyumba yenye uhaba haoni faida ya kuambiwa na kitabu kwamba viatu ni hitaji na mwanasesere ni takwa, kwa kuwa nyumbani kwao huenda viatu navyo havijanunuliwa; kinachomfaa ni kujua kwamba fedha ile ile haiwezi kwenda mahali pawili, na kwamba mtu mzima naye huumia anapochagua. Nchini Tanzania, waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulijaribu njia nyingine, kwa kuitaka shule iwe pia shamba au karakana ambamo wanafunzi wangeshiriki katika maamuzi na kuona matokeo ya jasho lao. Azimio la Arusha, lililotangulia waraka huo kwa wiki chache, lilikwisha kuionya nchi dhidi ya kudhani kwamba fedha ndiyo silaha ya maendeleo, hivyo mtoto alitarajiwa kuona zao kwanza na shilingi baadaye. Mpangilio huo ulikuwa na akili, lakini pale ambapo mavuno ya shule yaliuzwa na hesabu isiletwe mbele ya waliolima, kilichobaki kilikuwa jembe tu.

Kutokana na hayo mtu asifikie uamuzi kwamba mtoto aachwe sokoni. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, na umri wa mtoto mdogo anayezungumziwa hapa uko chini sana ya huo. Nchini Ghana, utafiti uliofanywa katika shule 135 ulilinganisha mpango wa elimu ya fedha pekee na mpango uliochanganya fedha na masomo ya haki na maisha ya jamii, ukapata dalili kwamba watoto waliofundishwa fedha peke yake walielekea kufanya kazi zaidi. Dalili hiyo inaeleweka: mtoto anayeambiwa kila juma kwamba ajaze sanduku, bila kuambiwa kitu kingine, atatafuta cha kulijazia.

Hapo akiba yenyewe inaingia, ikiwa na mzigo wa methali zake. Akiba haiozi, husemwa, na haba na haba hujaza kibaba. Methali hizi zilizaliwa katika ulimwengu wa nafaka, ambamo kibaba kilichojaa leo kinabaki kibaba mwakani, wadudu wakijaliwa kukaa mbali. Shilingi haina tabia hiyo. Mfumuko wa bei, yaani kupanda kwa bei kwa ujumla kunakopunguza kile ambacho kiasi kilekile cha fedha kinaweza kununua, huila akiba iliyo ndani ya kibubu bila kuigusa, na dala iliyokwisha kutajwa ni shahidi. Riba ya benki ingeweza kufidia sehemu ya upungufu huo, lakini kwa familia za Kiislamu zinazoishika amri ya kuiharamisha, somo la riba linalomsifia mtoto ongezeko hilo bila maelezo linamgonganisha na madrasa yake jioni hiyohiyo.

Hata hivyo mjadala mkubwa wa akiba uko mahali pengine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Walter Mischel wa Stanford aliwapa watoto wa shule ya awali uchaguzi kati ya kula kitamu kimoja sasa na kungoja wapate viwili, na kwa miaka mingi uwezo wa kungoja ulisomwa kama kipimo cha nguvu ya nafsi. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake walianza kwa kuwafanya baadhi ya watoto wakutane na mtu mzima anayetimiza ahadi na wengine asiyetimiza. Wa kundi la kwanza walingoja wastani wa dakika 12 hivi, na wa kundi la pili dakika tatu. Mwaka 2018 Bettina Lamm na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wa jamii ya Nso ya Kamerun, ambao wengi wao ni wa familia za wakulima: karibu asilimia 70 ya watoto wa Nso walingoja hadi mwisho, dhidi ya 28 ya wale wa Ujerumani. Kungoja, kwa hiyo, hakutokani na tabia ya mtoto peke yake. Kunatokana pia na anachokijua kuhusu watu wanaomwambia angoje.

Katika nyumba za Waswahili imani hiyo ina mtihani wake wa kila mwaka. Mtoto anayepokea mkono wa Idi, yaani fedha ndogondogo anazopewa na wajomba, mashangazi na majirani siku ya sikukuu, hurudi jioni na kiasi ambacho hajawahi kukimiliki, naye huambiwa na mama yake alete atunziwe. Kinachotokea baadaye kinajulikana vyema. Fedha hiyo huingia kwenye sukari, nauli au ada, pengine kwa faida ya mtoto mwenyewe, lakini hairudi, wala haielezwi. Mama katika hali hiyo ndiye benki ya kwanza ambamo mtoto ameweka amana, na amana isiyorudi wala kutolewa hesabu humfundisha mtoto kanuni iliyo sahihi kabisa kwa mazingira yake: fedha iliyo mkononi itumike kabla haijaombwa. Lawama asiibebe mama peke yake, maana fedha ya nyumba yenye dhiki ni ya wote. Lakini kuna umbali mkubwa kati ya kuichukua kimyakimya na kumwambia mtoto kwamba shilingi 5,000 zake zimeazimwa kwa ajili ya dawa na zitalipwa mwisho wa mwezi, kisha zikalipwa, hata kama ni kwa vipande.

Utafiti wa Dean Karlan na Leigh Linden katika shule 136 za msingi za Uganda unaelekea upande huohuo. Wanafunzi waliwekewa mpango wa kuweka akiba shuleni. Katika baadhi ya shule akiba ilirudishwa kama hati inayoweza kununua vifaa vya masomo tu, na katika nyingine ilirudishwa taslimu mkononi mwa mtoto. Wapangaji wengi wangetarajia kwamba kufuli kali ndiyo ingefaa. Watoto walioahidiwa taslimu ndio walioweka zaidi, na pale ambapo wazazi nao walihusishwa, ndio walionunua vifaa zaidi. Neno kibubu, lililotokana na bubu, linaeleza vizuri tatizo la chombo hicho: hupokea na hakijibu. Mtoto anayeweza kukifungua, akahesabu, akakifunga tena, hujifunza zaidi kuliko yule anayengoja siku ya kukivunja.

Yote yaliyoelezwa mpaka hapa yalitegemea fedha inayoonekana. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya fedha ya nyumbani imehamia kwenye simu, na mabadiliko hayo yamegusa hasa ile shule ya dukani. Anayelipa kwa Lipa Namba, yaani namba ya malipo ya mwenye duka, hulipa bei kamili, hana noti inayozidi, wala hapokei kitu. Chenji, ile hatua ya mwisho na ngumu kuliko zote, imeondoka katika tendo la kununua, na mtoto anayeshuhudia malipo hayo anarudishwa kwenye ulimwengu wa hatua ya tano, ambamo bei na malipo daima vinalingana. Zaidi ya hapo, mama anaweza kumlipa Mangi akiwa jikoni kwake na kumtuma mtoto akachukue unga tu. Safari ya dukani ipo, umbali ni uleule, lakini mtoto aliyekuwa mnunuzi amekuwa mbeba mzigo. Kilichopotea hapo hakiwezi kurudishwa na akaunti ya mtoto yenye kadi ya rangi. Kinaweza kurudishwa kwa sehemu na mzazi anayemsomea mtoto ujumbe wa malipo, akamwonyesha salio la kabla na la baada, na akamweleza makato, yaani ada inayokatwa kwa kutuma au kutoa, ambayo ndiyo bei ya huduma isiyoonekana.

Kuna nyumba nyingi ambamo usomaji huo umepinduka. Bibi asiyeona vizuri herufi ndogo, au asiyepata kusoma, humpa mjukuu wa miaka tisa simu ili amsomee ni nani ametuma na kimebaki kiasi gani, kisha humtaka aingize namba ya siri ili fedha itolewe kwa wakala. Mtoto huyo amefundishwa shuleni na redioni kwamba namba ya siri haiambiwi mtu yeyote, na sasa yeye ndiye mtu huyo aliyeambiwa. Anajua salio la nyumba kuliko mama yake, anajua mjomba gani ametuma na yupi ameacha kutuma, na akimaliza hurudisha simu mikononi mwa bibi, ambaye hana njia ya kuhakiki alichosomewa.